Manukato ya Mwanamume Hupimwa Jioni

Mazungumzo yetu leo ni juu ya manukato ya wanaume, na hasa juu ya swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: je, harufu zilizotiwa ndani ya chupa hii zimeshikana, au zimekusanywa tu? Bei nitaiacha. Umbo la chupa na jina la kwenye boksi nitaviacha pia. Mtu anaweza kulipa laki tano kwa manukato ambayo harufu zake zimepishana kama wageni, na mwenzake akatoa elfu ishirini akapata yaliyotungwa kwa akili.

Hebu tutazame tunavyonunua. Unaingia dukani, iwe Kariakoo, Darajani au Marikiti. Muuzaji anapuliza kwenye kipande cha karatasi, anakipunga hewani mara mbili, anakupa. Unanusa, unatabasamu, unasema, "Hii nifungie." Biashara imekwisha kabla karatasi haijakauka. Ulichokinusa pale ni spiriti na mafuta ya maganda ya jamii ya machungwa, basi. Ndimu, chungwa, na hasa bergamoti, tunda la jamii hiyohiyo linalolimwa zaidi Calabria kusini mwa Italia, ndizo zinazofungua manukato mengi ya kiume. Mafuta yake ni mepesi mno. Kwenye ngozi yenye joto, katika hali ya hewa ya pwani, dakika 15 au 20 zinatosha kuondoa sehemu yake kubwa.

Watunzi wa manukato wanalijua hilo vizuri. Wanajua hukumu yako utaitoa ndani ya dakika ya kwanza, kwa hiyo kinachopendeza upesi hukiweka mbele. Hakuna ulaghai hapo. Ndivyo kazi ilivyo. Lakini siku yako ina saa nyingi. Utakaa na manukato hayo kwenye daladala, kazini, msikitini au kanisani, mezani na watoto, mpaka usiku. Kile kilichokufanya utoe pesa kitakuwa kimeondoka kabla hujafika kituo cha pili. Kinachobaki ndicho ulichonunua hasa.

Jean Carles, mtunzi wa Kifaransa aliyeanzisha shule ya kampuni ya Roure mjini Grasse mwaka 1946, aliwafundisha wanafunzi wake kuzipanga malighafi kwa kasi yake ya kuruka hewani: nyepesi, za kati na nzito. Mpango huo bado unatumika. Nyepesi ni hizo za maganda ya matunda. Za kati ni maua, majani na viungo. Nzito ni mbao, utomvu, miski, vanila, vitu vinavyoweza kukaa kwenye shati mpaka kesho yake. Tabaka hizi haziji moja baada ya nyingine kama watu waliopanga foleni. Zote zimo hewani tangu mwanzo, ila zinatofautiana kwa muda wa kuaga.

Mimi huyafananisha manukato na mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza anaweza kuwa na kasi ya ajabu, na wa mwisho akawa na pumzi tele, lakini timu huangukia pale kijiti kinapotoka mkono huu kwenda mkono ule. Macho ya kocha hukaa hapo. Nami nasema pua yako ikae hapo pia: kati ya dakika ya 10 na ya 40, halafu tena kati ya saa ya pili na ya nne tangu ulipojipulizia. Harufu nyepesi ikiondoka na nzito ikawa tayari imeipokea kazi, bila wewe kujua ni dakika ipi hasa mambo yalibadilika, manukato yameshikana. Ukibaki na pengo, au ukajikuta unanusa kitu kipya ambacho hakina habari na kile cha asubuhi, kijiti kimeanguka.

Sasa kijiti hupokelewaje? Jibu la kwanza liko katika kemia, wala si gumu.

Chukueni lavanda, ua la zambarau ambalo manukato ya kinyozi yamejengwa juu yake kwa zaidi ya miaka 100. Mafuta ya lavanda yametawaliwa na vitu viwili, linaloli na asetati ya linalili. Na bergamoti nayo, mbali na ule uchachu wake, imebeba vitu vivyo hivyo viwili kwa wingi. Kwa hiyo mtunzi anapoweka bergamoti juu na lavanda chini yake, uchachu unapopeperuka, kile kilichokuwa ndani ya bergamoti kinaendelea ndani ya lavanda. Pua haioni mahali pa kuungia. Na lavanda yenyewe, ile iliyokamuliwa kwa viyeyushi badala ya mvuke, ina kumarini ndani yake, yaani ile harufu tamu ya nyasi zilizofyekwa zikakauka juani, ambayo hupatikana pia kwenye mbegu za tonka. Basi ukiongeza kumarini chini ya lavanda, umeirefusha sifa ambayo lavanda ilikuwa nayo tayari.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa moja ya jamii kubwa za manukato ya kiume. Mwaka 1868 mkemia wa Uingereza, William Perkin, alifaulu kutengeneza kumarini maabara. Mwaka 1882 Paul Parquet, akiifanyia kazi nyumba ya Houbigant ya Paris, akaiweka ndani ya Fougère Royale pamoja na bergamoti, lavanda na kimea cha kijivu kinachoota kwenye magome ya mialoni. Kimea hicho kina uchungu, kina ukavu, kina harufu ya ardhi yenye unyevu. Kazi yake ilikuwa kuuzuia utamu wa kumarini usimalizikie kwenye peremende. Vitu vinne, kila kimoja kimeshika mkono wa mwenzake. Baba zetu waliojipaka Brut, iliyotoka mwaka 1964, walikuwa wanaufuata mpango huohuo. Hata Drakkar Noir ya 1982 na Cool Water ya 1988, ambazo vijana wa miaka ya 90 walizipenda sana, ni wajukuu wa chupa ile ya Parquet.

Nikishafika hapo, kuna jambo linaloniuma na lazima niliseme. Kimea kile cha mwaloni kina kemikali mbili, atranoli na kloroatranoli, zinazowasha ngozi za watu wengine vibaya, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa kanuni ya mwaka 2017. Uamuzi ni wa haki, afya ya ngozi inatangulia. Lakini manukato mengi ya zamani yalilazimika kutungwa upya, kwa kimea kilichosafishwa au kwa kitu kingine mahali pake, na mengine yalipoteza mpokea kijiti wake. Ndiyo maana mtu mzima hununua leo chupa yenye jina lilelile alilolijua ujanani, akasema, "Siyo yenyewe." Hajazeeka pua. Katikati pamelegea kweli: lavanda inaondoka, utamu unabaki peke yake, na ule uchungu uliokuwa unaviunganisha haupo au umepungua. Kwa hiyo usiyahukumu manukato ya leo kwa kumbukumbu ya chupa ya baba. Yanuse yalivyo sasa.

Mfano wangu mwingine wa undugu wa harufu, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote, ni Terre d'Hermès ya mwaka 2006, kazi ya Jean-Claude Ellena. Ukiipuliza unapata chungwa na balungi, ule uchungu wa ganda la balungi unaokunja ulimi. Kisha pilipili, kisha kitu kama jiwe lililogongwa na jiwe lenzake. Mwisho unabaki na mbao kavu na mizizi ya vetiva, nyasi zilezile ambazo wakulima huku kwetu huzipanda kwenye makinga maji kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mtu atauliza: balungi na mizizi yenye udongo vinaelewana wapi? Vinaelewana ndani kabisa. Harufu ya pekee ya balungi inatokana kwa sehemu na kitu kiitwacho nutkatoni. Na moja ya nguzo za mafuta ya vetiva ni vetivoni, ambayo wanakemia huiita pia isonutkatoni, kwa maana ni ndugu yake wa karibu kwa umbo. Basi ganda la tunda linapoondoka, mzizi unajibu kwa sauti inayofanana nalo, nzito zaidi. Ndiyo maana manukato haya, hata saa tano baadaye, yana ladha ya chungwa ambalo halipo tena. Yajaribuni mchana wa Februari, wakati jua la Dar es Salaam halina huruma. Hayavimbi, hayachoshi. Kwangu ni kipimo cha manukato yaliyoshikana.

Lakini si kila mara ndugu hupatikana. Wakati mwingine vitu viwili havina uhusiano wowote, na mtunzi hutafuta wa tatu akae kati yao. Edmond Roudnitska alifanya hivyo mwaka 1966 alipoitungia Christian Dior Eau Sauvage. Juu kuna limau na mimea ya majani, chini kuna ule uchungu wa kimea cha mwaloni. Katikati aliweka hedioni, molekuli iliyotoka katika utafiti wa kampuni ya Firmenich juu ya harufu ya asumini. Hedioni yenyewe haina kelele. Ukiinusa peke yake unaweza kudhani chupa ni tupu. Ikiwekwa kati ya limau na uchungu inaleta hewa na mwanga, na limau linaonekana kudumu kuliko uwezo wake. Kwa hiyo ndani ya manukato ya kiume yanayoheshimiwa kuliko karibu yote kuna kivuli cha asumini, ua ambalo pwani tunalijua kwenye vikuba na nywele za bibi harusi. Mwanamume anayekataa chupa kwa sababu ameambiwa ina maua anajinyima bure. Aulize ua hilo linafanya kazi gani mle ndani.

Na kuna njia ya tatu, ngumu kuliko hizo: ugomvi uliopangwa. Francis Kurkdjian, kabla hajafika miaka 30, alimtungia Jean Paul Gaultier Le Male, mwaka 1995. Juu ni nanaa na lavanda, baridi ya kunyolewa ndevu. Chini ni vanila nyingi, joto la jikoni. Baridi na joto vinavutana siku nzima na hakuna anayeshinda. Wapo wasioyapenda, na wana haki yao. Lakini kwa swali letu la leo hukumu yangu ni kwamba yameshikana, kwa sababu ondoa nanaa, vanila inakuwa keki. Ondoa vanila, nanaa inakuwa dawa ya meno. Kila upande unamhitaji mpinzani wake. Nasisitiza hili kwa sababu wako watu wanaodhani mchanganyiko mzuri ni ule laini tu, usio na pembe, ambao kila kitu kimesagwa mpaka hakijulikani. Sikubaliani nao. Manukato yaliyosagwa hivyo yanachosha upesi kama mazungumzo ya mtu asiye na msimamo.

Sasa nije kwenye ile orodha ya kwenye boksi. Bergamoti, iliki, waridi, ngozi, sandali, ambari, pengine majina 12 au 15. Msinunue orodha. Mwaka 1989 watafiti wawili, Laing na Francis, walichapisha majaribio ambamo waliwapa watu mchanganyiko wa harufu wanazozifahamu na kuwaomba wazitaje. Harufu zilipozidi tatu au nne, watu walishindwa kuzitenganisha, na majaribio yaliyofuata yaliwahusisha hata watunzi wa manukato wenyewe, nao wakakwama karibu na hapohapo. Pua ya binadamu haikuumbwa kuhesabu. Inapokea mchanganyiko kama kitu kimoja chenye sura yake. Tena orodha yenyewe mara nyingi haielezi malighafi. Hakuna anayekamua mafuta ya tofaa wala ya maji ya bahari. Hizo ni picha zinazochorwa kwa kemikali ili akili yako iende huko.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Naisikia iliki, sasa naisikia sandali, hii hapa ngozi," mpongeze kwa kusoma boksi vizuri. Kipimo cha kweli ni kingine. Mwite mkeo, dada yako, rafiki yako, mtu asiyejua umejipaka nini, umwulize unanukia nini. Akijibu upesi sana, "Vanila," au "Sabuni ya kufulia," basi kuna kitu kimoja kimewapiga viwiko wengine wote. Akisita, akasogea tena, akasema, "Kama mti uliolowa... hapana, kama shati la mtu mzima," hapo una manukato yenye sura.

Namna ya kupima, basi. Karatasi itumie kuchuja tu, ili uyaondoe yale usiyoyataka kabisa. Hukumu iwe ya ngozi. Jipulizie asubuhi, kabla ya chai, mkono huu aina moja na mkono ule aina nyingine, zaidi ya hapo pua inachanganyikiwa. Usisugue viganja, msuguano unaongeza joto na kuzifukuza haraka zile harufu nyepesi unazotaka kuzifuatilia. Usibandike pua kwenye ngozi. Mchanganyiko hutungwa ili usikike hewani, kwa umbali wa shubiri moja au mbili, na ukiukaribia mno utazisikia zile nzito tu. Kisha nenda na shughuli zako. Pua huzoea: ukikaa na harufu moja kwa dakika chache, ubongo unaacha kuitangaza, nawe unadhani imekwisha. Madukani hukupa buni unuse ili pua ifunguke. Majaribio yameonyesha buni hazisaidii kuliko hewa ya kawaida. Toka nje ya mlango, pumua, rudi.

Kuna jambo jingine la kimaumbile ambalo huleta ubishi usiokuwa na sababu. Watu wengi hawazisikii baadhi ya molekuli za miski, si kwa ugonjwa, ndivyo walivyozaliwa. Molekuli za miski ni kubwa na nzito, na watu wanatofautiana sana katika kuzipokea. Sasa fikiria manukato ambayo msingi wake wote ni miski. Wewe usiyeisikia utasema yanakatika saa ya pili, kijiti kimeanguka. Mwenzako anayeisikia atasema yanaendelea laini mpaka usiku. Wote wawili mnasema kweli. Ndiyo sababu hukumu ya mtu wa kwenye video, hata akiwa bingwa, haitoshi kukutolea pesa mfukoni.

Dalili za mchanganyiko uliovunjika zinajulikana. Moja ninayokutana nayo zaidi siku hizi iko kwenye manukato ya chupa za buluu, yale ya kileo yanayotaka kunukia usafi na michezo. Mwanzo ni mtamu: balungi, tangawizi, hewa ya baharini. Ikifika saa ya pili, vyote hivyo vimekwenda na kimebaki kitu kimoja kikavu, kikali, kama ncha ya sindano ndani ya pua. Hizo ni kemikali zenye nguvu za harufu ya mbao na ambari bandia, zilizomiminwa kwa wingi ili mtu asiseme manukato hayadumu. Kudumu si kushikana. Sauvage ya Dior ya mwaka 2015, iliyotungwa na François Demachy, imejengwa nayo kwa namna hiyo ya nguvu, bergamoti na pilipili juu ya wingi wa ambroksani, moja ya hizo ambari bandia, lakini pale ambroksani imewekwa tangu pumzi ya kwanza, ikaibeba bergamoti mgongoni, kwa hiyo hakuna mshtuko wa kati. Wengi walioiiga waliiga nguvu, wakasahau kuunganisha.

Wako wasikilizaji wanaonunua pafyumu za kupima, zile za kuchanganyiwa dukani mbele yako: mafuta kutoka chupa kubwa, spiriti, kutikisa, tayari. Sizibezi hata kidogo. Nyingi ni nafuu na baadhi ni nzuri kweli. Ila zimetoka mkononi zikiwa mbichi. Viwandani, mafuta yakishachanganywa na spiriti huachwa yatulie kwa majuma, kwa sababu molekuli zinaendelea kufanya kazi zenyewe kwa zenyewe na ule ukali wa spiriti unapungua. Basi chupa yako ya kupima iweke kabatini, mahali penye giza na pasipo joto, kwa majuma mawili au matatu, ndipo uihukumu. Ukiipima siku ileile ya kununua, unaionea.

Nimezungumza sana juu ya Wafaransa, na sitaki msikilizaji wa Mombasa, Pemba au Moroni afikiri elimu hii imetoka mbali naye. Watu wa mwambao wamekuwa wakiunganisha harufu tangu zamani, na walifanya kazi hiyo kwenye nguo na kwenye mwili, chumbani mwao. Kanzu inafukizwa udi. Shingoni na nyuma ya masikio kunapakwa mafuta ya waridi, ya sandali au ya miski. Kwa Waomani, kile kishada kinachoning'inia kwenye ukosi wa kanzu huchovywa manukato. Kila kimoja kina mahali pake na muda wake wa kudumu. Moshi kwenye pamba hukaa muda mrefu kuliko mafuta kwenye ngozi, kwa kuwa kitambaa hakina joto la mwili. Mpangilio huo ni tabaka zilezile za Jean Carles, zimetandazwa juu ya mtu.

Na ndani yake kuna undugu wa ajabu. Karafuu, ambayo kwa Zanzibar sehemu kubwa inatoka Pemba, inabebwa na eujenoli. Vanila inabebwa na vanilini. Moshi wa kuni na wa udi una guayakoli. Mwanakemia akichora vitu hivi vitatu kwenye karatasi utaona umbo moja la msingi, limebadilishwa mkia tu. Udugu huo si wa maneno: zamani vanilini ya viwandani ilitengenezwa kutokana na eujenoli ya karafuu. Kwa hiyo manukato yenye viungo na vanila, mfano Old Spice ya mwaka 1938 ambayo karafuu inasikika ndani yake waziwazi, yakivaliwa juu ya kanzu iliyofukizwa, yanaungana na moshi kama yaliyotungwa pamoja. Waridi nalo linaelewana na udi, na lenyewe lina eujenoli kidogo ndani yake; zafarani ikiwekwa kati yao, mambo yanakuwa bora zaidi.

Lakini yako mavazi ya Idi niliyoyasikia yakiharibika kwa pulizo moja. Kijana kafukiziwa kanzu na mama yake usiku kucha, asubuhi kajipulizia manukato ya bahari na tikiti, ya baridi, ya kimichezo. Moshi na tikiti havina ndugu, havina msuluhishi kati yao, na wala ugomvi wao hauna mpango. Kilichotokea ni harufu ya chakula kilichoungua karibu na bwawa la kuogelea. Manukato yale ya bahari hayana kosa. Yangempendeza Jumatatu na shati la kazini. Juu ya udi yalikuwa mahali pasipo pake.

Hilo linatufikisha kwenye kitu cha mwisho, kidogo lakini kinachowaangusha wengi. Hukumu ya mchanganyiko haiishii kwenye chupa. Sabuni ya kuogea ina harufu. Mafuta ya nywele yana harufu, dawa ya kwapa ina harufu, losheni baada ya kunyoa ina harufu, na shati limetoka kwenye sabuni ya unga yenye harufu kali kuliko vyote hivyo. Ukipuliza manukato mazuri juu ya vitu vitano vinavyopiga kelele, umeongeza mpigaji wa sita. Siku ya kupima, oga kwa sabuni isiyo na harufu kali, acha dawa ya kwapa yenye manukato, vaa shati lililofuliwa kwa sabuni ya kipande. Kisha kama umeyapenda manukato, hivyo vingine vibadilishe vilingane nayo. Mafuta ya nazi hayapigani na wengi. Dawa ya kwapa isiyo na harufu inapatikana madukani, na inafaa.

Nawaomba basi, mkienda dukani safari ijayo, pulizeni mkononi, muagane na muuzaji kwa heshima, mwende zenu bila kulipa. Nuseni njiani, nuseni baada ya sala au baada ya chakula cha mchana, nuseni jioni mkivua shati. Manukato yakiwa bado ni yaleyale mliyoyapenda, yakiwa yamebadilika bila kukatika, rudini kesho mkayalipie. Muuzaji asiyekubali mteja arudi kesho mwacheni, nendeni duka la pili.